Mparachichi Haujui Pasaka

Kaeni chini wote watatu, na asiinuke mtu mpaka mie mwenyewe niseme basi. Anjelina, mama, njoo huku karibu na kichwa changu, sauti yangu imekuwa fupi na sitaki kulisema neno mara mbili. Projesto, wewe kaa pale kwenye sanduku, na hicho kitabu chako cha kuandikia kitie mfukoni, hapa si ofisini. Shemeji Kasiani, kiti ni chako, umetoka mbali, meli mpaka Mwanza na treni mpaka hapa, siku zote hizo kwa ajili ya mjane wa ndugu yako. Nakushukuru kwa kuja, na kabla jua halijatua utajua pia ni jambo gani sikushukuru. Leo nasema mie Kokushubila peke yangu. Mwenye jibu alitunze, atajibu nikishazikwa.

Jana alasiri mlidhani nimelala. Mie naumwa kifua, masikio yangu mazima. Nimewasikia huko uani mkivuta kamba kutoka ukuta wa jiko mpaka wigo wa Sakinabai, shemeji akihesabu hatua na Projesto akiandika, vyumba vinne vya kupangisha, choo kimoja, na mparachichi wangu mkaumaliza kwa neno moja tu, “huu unakatwa,” kana kwamba mnaondoa ndoo iliyokaa njiani. Na leo asubuhi, kama vile hiyo haikutosha, Projesto umeegesha ngazi ukachuma kapu zima, eti Jumapili ya Matawi imeshapita, Pasaka ni hii hapa, wageni wapate cha kula kabla mti haujaangushwa. Kapu lile pale mlangoni, utomvu bado unatoka kwenye vikonyo. Nimelitazama tangu asubuhi, na hasira yake ndiyo iliyonipa nguvu ya kuketi.

Basi nitangulize neno lenyewe msije mkakaa mkilibahatisha. Nyumba hii, na kiwanja hiki, na mti ule, ni vya Anjelina. Nimesema Anjelina. Usikohoe, shemeji, kohoa ukimaliza kusikia. Najua utakachosema, kwamba kwetu mwanamke harithi, kwamba mtoto wa kiume yupo, mzima, anasoma na kuandika, anavaa viatu. Kule kwetu sawa, kule migomba ni ya ukoo na chini yake wamelala wazee wenu, na mie sikuondoka kule na mgomba hata mmoja. Lakini hapa Temeke hakuna mfupa wa babu yenu. Hapa palikuwa pori la miiba, na aliyelifyeka ni mie, mume wangu Apolinari akiwa safarini na Mzungu wake akimpikia mikate kwenye mahema. Na aliyesimama foleni bomani siku tatu, mtoto mgongoni, ni mie. Na karani aliponiuliza niandike jina la nani, nikamwambia hilo la mtu unayemwona mbele yako. Akacheka. Akaandika. Apolinari aliporudi akaisoma hati, akaikunja, akasema sawa, Mama Projesto. Yeye mwenye mke hakugomba, ugombe wewe shemeji?

Sasa nataka mjue kwa nini Anjelina na si mwingine, maana sitaki mseme nilipendelea, au kwamba ugonjwa umenipanda kichwani.

Mti ule Apolinari aliuleta ukiwa kokwa, ndani ya mfuko wa kanzu yake ya upishi. Wazungu wake wa kule Msasani walikula tunda mezani, akaona kokwa kubwa, akalihurumia kulitupa. Akalipanda pale nyuma ya jiko ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagika. Watu wa Temeke wakatucheka. Waliolijua waliliita embe mafuta, wasiolijua waliuliza kama ni dawa. Ulikaa miaka tisa bila kuzaa, mpaka nikaanza kutundikia nguo juu yake. Wakati wa vita, mwaka wa kwanza ulipozaa, tukachuma Jumamosi kuu ya Pasaka, tukayavumbika kwenye majani makavu ya mgomba, siku chache yakalainika, siagi tupu! Apolinari akatia chumvi na ndimu, akampelekea padre, padre akaomba mengine. Tukasema basi, huu ni mti wa Pasaka, na kila Pasaka tutauchuma. Nyie mnaona ulikuwa ni uamuzi wa akili? Mie niliona hivyo. Tulikuwa Wakristo wapya wa mjini, kila jambo letu tulilifunga kwenye kalenda ya kanisa, kuanzia kukata nywele mpaka kununua shuka.

Mwaka uliofuata tukachuma Pasaka, mengine yakalainika, mengine yakagoma. Mwaka wa tatu tukachuma Pasaka, na hakuna hata moja lililoiva. Yalisinyaa, ganda likakunjamana, ukikata unakuta mpira, ukionja uchungu unabaki kooni mpaka jioni. Apolinari alikaa na kapu mapajani kama mtu aliyefiwa. Tukaanza kutafuta mchawi. Na kwa kuwa siku mbili kabla hatujachuma, Sakinabai wa dukani alisimama kwenye wigo akasema, “Mama Projesto, mwaka huu mti wako umejaa, mashaallah,” mie nikapata mchawi wangu bila kwenda mbali.

Msitazame chini. Nilifanya mie, nitalisema mie. Nilitoka nikasimama barabarani saa nne asubuhi, watu wa sokoni wanapita na vikapu vyao, nikamwita mama wa watu aliyekuwa akipima sukari dukani kwake, nikamwambia ana jicho, ameyaua matunda yangu kwa jicho lake la husuda, na asithubutu tena kuangalia uani kwangu. Alimaliza kupima ile sukari, akafunga karatasi, akampa mteja, ndipo akaingia ndani. Mie nikarudi nyumbani nikijiona shujaa, nikaziba wigo kwa makuti mapya. Tangu siku ile chumvi tukaifuata duka la mbali, na wewe Anjelina nilikukataza hata kumpa shikamoo, ukiwa bado unajifunza heshima. Na balaa lililotushinda akili ni kwamba mwaka wa nne, wigo ukiwa umezibwa, matunda ya Pasaka yakaiva vizuri. Mnaona? Apolinari akasema. Mnaona? nikasema na mie. Tukala kwa furaha, na kila tulilomeza lilikuwa ushahidi dhidi ya jirani.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Apolinari akafa na imani hiyo. Mnajua alivyokufa, sirudii. Pasaka iliyofuata nilikuwa na kaniki ya msiba mwilini, sikugusa mti, nani angepanda? Ulikaa na matunda yake wiki baada ya wiki, masika yakapiga, yakaanza kudondoka usiku na mchana, mengine upande wangu, mengine kwa Sakinabai. Ya kwangu yaliyopasuka niliyaacha kwa kuku. Siku moja, Anjelina ulikuwepo, mtumishi wao akaja na sahani imefunikwa kitambaa. Ndani mna maparachichi manne, laini, yametoka kwenye pipa la mchele, hayana kunjo hata moja. Ya mti wangu. Hakuleta maneno, sahani tu. Nikamfukuza? Hapana, nilisubiri aondoke, nikasimama nyuma ya mlango nikala mawili kwa kidole, bila chumvi, nikilia, na sikujua nalia marehemu au nalia ujinga wangu.

Ndipo nikaitoa kalenda ya kanisa ukutani, na zile za nyuma ambazo Apolinari alikuwa akizitandika kwenye rafu ya vyombo, Anjelina ukanisomea tarehe. Mwaka wa kwanza, Pasaka ilikuwa mwishoni kabisa mwa Aprili, mvua zimeshakolea. Mwaka wa tatu ilikuwa tarehe mosi Aprili. Mwaka wa nne, tarehe ishirini na moja. Pasaka inatembea, wanangu! Inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa hesabu zake yenyewe, na mti umesimama palepale haujabatizwa. Hakukuwa na jicho. Kulikuwa na wapumbavu wawili na kalenda.

Na unadhani nilikwenda kuomba radhi? Niliiosha ile sahani, nikaifuta, nikairudisha tupu. Anjelina, wewe umekulia pwani, unajua kumrudishia mtu sahani tupu ni kumtukana. Hata chembe ya chumvi juu yake sikuweka. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho, ndicho kilichonijengea nyumba hii, sikitupi. Lakini siku ile nilikitumia pabaya.

Tangu hapo nikajifundisha mti wangu, na niliyemfundisha ni huyu aliyekaa kichwani pangu. Projesto, sikiliza kwa makini. Embe ukilingoja linajitangaza lenyewe, linageuka rangi, linanukia, popo wanakuja kukuarifu. Parachichi la kwetu ni kijani likizaliwa na kijani likifa, na likiwa mtini haliivi asilani. Litaning'inia pale gumu mpaka lichoke lidondoke, na likidondoka limeshaumia. Kwa hiyo ni wewe unayepaswa kujua limekomaa, na kukomaa si kuiva. Tazama ganda, likiacha kung'aa likawa kama limepakwa vumbi. Tazama kikonyo, kikianza manjano. Hapo chuma moja, moja tu, lile kubwa la upande wa jua, kwa upembo wenye mfuko, usitikise tawi. Liachie kikonyo urefu wa pingili ya kidole, maana ukiking'oa linaoza kuanzia shingoni. Liweke ndani ya mchele pamoja na ndizi mbivu, ukae ungoje. Siku nane, siku tisa. Likisinyaa, mti umekwambia bado, na hakuna padre wala bwana afya wala karani wa kuubishia. Likilainika bila kunjo, chuma makubwa, madogo yaache yanywe mvua. Na ukitaka kujua kama la kuliwa, bonyeza shingoni, taratibu, kwa kidole gumba. Wewe unabonyeza tumboni kama unapiga muhuri, unaliacha na jeraha.

Anjelina, chukua moja kapuni. Kubwa kuliko yote, ndiyo. Lipasue. Mpe kaka yako kokwa ashike. Unaona ngozi ya hilo kokwa, Projesto? Nyeupe, nene, imeng'ang'ania nyama. Lililokomaa ngozi yake ni ya kahawia, kavu, nyembamba kama karatasi ya sigara. Umechuma kapu zima la watoto wachanga, baba. Hayo hayataiva hata uyavumbike mpaka Krismasi. Dada yako alichuma lake moja wiki mbili zilizopita, akalivumbika, likasinyaa, akaja kuniambia, “Mama, bado, mpaka mwezi wa tano.” Hakuniuliza, aliniambia. Siku ile nikajua kiwanja ni cha nani.

Sasa Sakinabai, ingia. Usishangae, shemeji, yupo barazani tangu mlipokaa, mie nimemwita. Ingia mama, kaa hapa kitandani, kitanda hakina makuti. Hati ya kiwanja iko kwake tangu Alhamisi. Nimemchagua yeye kwa sababu Temeke nzima hakuna mtu atakayeapa kwamba huyu ananipendelea. Itoe, waione. Jina la kwanza langu, na kile kikaratasi kilichobandikwa nyuma ni jina la Anjelina, kidole gumba changu, sahihi yake Sakinabai na ya katekista. Anayetaka kuichana aanze na mikono ya huyu aliyeishika.

Na mbele ya watoto wangu na mbele ya shemeji yangu, kwa kuwa nilikutukana mbele ya watu na sitaki kukuomba radhi gizani, nasema nilikusingizia. Huna jicho. Nilikosa mara moja kwa kukutukana, na mara ya pili kwa kujua ukweli na kunyamaza miaka mitatu, na hiyo ya pili ni mbaya zaidi. Nisamehe, Sakinabai.

Mmesikia anavyosema? Anasema ya barabarani alishayasahau, maana ukikaa dukani utatukanwa. Anasema kilichomuuma ni sahani. ... Nashukuru, mama. Nashukuru. Anjelina, mti ukiwa tayari, sahani ya kwanza inakwenda kule, kabla ya kanisani, kabla ya kwangu kaburini, na mtasalimiana kama majirani, hata mkigombana mtasalimiana kwanza.

Niinue kidogo. Hapo.

Projesto. Sogea, acha sanduku. Nipe huo mkono wenye kokwa. Umenuna, na una haki, mtoto wa kwanza umekosa nyumba mbele ya baba yako mdogo. Lakini kuna jambo nimelibeba kuliko nyumba. Ulikuwa na miaka sita, meno ya mbele yameng'oka hayajaota, baba yako akasema anataka karani, na shemeji huyu akaja kukuchukua akakupeleke misheni kule juu. Ulishika mguu wa meza. Nilikibandua kidole kimoja kimoja, nikakwambia mwanamume halii, na majirani wakanisifu kwamba mie mama mwenye moyo. Ukarudi kijana wa miaka kumi na saba, ukanipa mkono. Mkono, Projesto! Kama mtu amekuja kuuliza leseni. Ukapangiwa kazi Dodoma, hapa umehamia mwaka jana tu, na kila ukija unasimama mlangoni mpaka ukaribishwe. Mie nilikuchuma mapema. Siyo kosa lako kuwa mgumu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa, na mtoto hawezi kurudishwa kwenye tawi, nimekesha nikiitafuta namna na sikuiona.

Ndiyo maana sikupi nyumba. Ungejenga vyumba vinne, ungevipangisha, na usingelala humo hata siku moja. Nakupa kuja. Anjelina, chumba cha mbele ni cha kaka yako siku yoyote atakayotaka, kina kitanda, asibishe hodi. Na wewe utakuja, si Pasaka wala Krismasi, utakuja mwezi wa tano siku ya kawaida, dada yako akufundishe, na usione haya kufundishwa na mdogo wako. Lia. Lia tu, baba, mie ndiye niliyekwambia mwanamume halii, na nilikudanganya.

Haya. Hayo ya kapuni... yafukie shinani, Projesto, wewe mwenyewe, kwa jembe. Kuni za msibani nunueni. Asiguse mtu tawi hata moja kwa kisingizio cha kunililia. Mnizike na gauni la kijani, si jeupe, jeupe linanifanya kama shuka la hospitali. Shemeji... nauli yako ya kurudi utapewa, na mkungu wa ndizi za njiani, na kule ukifika waambie ukoo kwamba Kokushubila alikataa... waambie hivyohivyo, alikataa, usilipake sukari.

Anjelina, Mungu akupe mikono ya kungoja. Akupe mume asiyepiga... na wasichana wenye sauti. Projesto, Mungu akulainishe taratibu, asikubonyeze. Akupe mtoto... usimpeleke mbali. Nyote wawili, mlale mkiwa mmesalimiana. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza... sikubakiza kitu.

Sakinabai, shika... ndiyo, mkono huo.

Nani anaweka kiganja usoni kwangu? Ni wewe, shemeji? Ondoa. Usinifumbe macho... nitayafumba mwenyewe... nawatazama wanangu.